Rafiki yangu wa Nabugoye katika miaka ya Amin

Ukitaja Wayahudi na Idi Amin kwa pamoja, watu wengi hukimbilia Entebbe: ndege ya Air France iliyotekwa Juni 1976, mateka, na makomando wa Israeli walioshuka usiku wa kuamkia Julai 4. Mimi hukumbuka kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Huko waliishi, na wanaishi hadi leo, Wayahudi ambao hawakutoka Ulaya wala Israeli. Ni wakulima wa muhogo, ndizi na kahawa, weusi kama sisi, wanaosema Kiganda, Kigwere na Kigisu. Majirani tuliwaita Abayudaya. Rafiki yangu wa utotoni alikuwa mmoja wao, na yaliyompata yeye na jamaa zake kati ya 1971 na 1979 ndiyo yaliyonifunza karibu yote ninayoyajua kuhusu urafiki.

Jina lake sitaliandika. Watoto na wajukuu wake wako kule kule, na baadhi ya watu nitakaowagusa humu wangali hai. Nitamwita mwenzangu, kwa sababu ndivyo bibi yangu alivyokuwa akimwita: "Mwenzako yuko wapi leo?"

Sisi ni Waislamu. Babu mzaa baba alifika Mbale na misafara ya biashara kutoka pwani, mji ukiwa ndio kwanza unaanza, na nyumbani tulisema Kiswahili hata baada ya baba kuoa Mgisu. Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwa duka la Mhindi karibu na soko. Lakini siku zangu nyingi nililala kwa bibi, upande wa Namanyonyi, ambako shamba lake lilipakana na la wazazi wa mwenzangu. Mpakani palikuwa na mfenesi mmoja mkubwa. Matunda yaliyoangukia kwetu yalikuwa yetu na yaliyoangukia kwao yalikuwa yao, na sikumbuki hata siku moja watu kugombana kwa ajili ya fenesi.

Familia zote mbili zilikuwa pale kwa sababu ya mtu mmoja, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda. Mbale ulikua kuzunguka makazi yake, na wafanyabiashara Waswahili wakafuata. Alitumaini atatawazwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza walipomnyima, alijitenga nao, akazama katika Biblia. Alisoma Agano la Kale na kuuliza mbona Wakristo wameiacha Sabato, mbona wameacha tohara. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akasema kama hilo linamfanya Myahudi, basi yeye ni Myahudi. Alifariki 1928. Wafuasi wake wakabaki vijijini wakisoma Torati kwa Kiganda na kuimba Zaburi kwa tuni zao wenyewe, huku Wayahudi wengi wa nchi nyingine wakiwa hawana habari nao.

Kwa mtoto wa Kiislamu hapakuwa na cha ajabu kwao. Hawakula nguruwe. Walichinja kwa kisu kikali na kumwaga damu yote. Katika nchi ya Wagisu, ambako vijana hutahiriwa wakiwa wakubwa, hadharani, kwa ngoma za imbalu, wavulana wao na wetu walikuwa wamekwisha kutahiriwa zamani. Wao walimtahiri mtoto siku ya nane tangu kuzaliwa. Tofauti niliyoiona mimi ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo hawakuwasha moto, hawakulima, hawakuteka maji. Kwa hiyo Ijumaa mchana mwenzangu alipanda na kushuka kisimani kujaza kila chombo cha nyumbani kwao, na mimi nikazoea kuteka maji ya bibi siku hiyo hiyo ili tupate kwenda pamoja. Mpaka leo, miaka yote hii nikiwa Mombasa na mfereji ndani ya nyumba, Ijumaa mchana nahisi kama kuna ndoo inanisubiri.

Shuleni hakupata raha hata kabla ya Amin. Shule nyingi za huko zilianzishwa na wamisionari, na wazee wa Abayudaya walikuwa wamezikwepa kwa miaka mingi kwa sababu mtoto alitakiwa abatizwe ndipo asome. Kizazi chetu kiliingia, lakini watoto wenzetu walimwimbia kwamba babu zake ndio waliomuua Yesu. Alichapwa kwa kutokuja Jumamosi, siku ya kulima shamba la shule. Mimi nilikuja nikalima, na jioni nikapitia kwao kukaa naye. Hatukuzungumza juu ya viboko. Alinieleza kisa cha Yusufu na ndugu zake, nami nikamweleza cha kwetu, tukabishana ni nini hasa kilichotokea kisimani.

Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Watu husahau kwamba mwanzoni alikuwa rafiki wa Israeli. Waisraeli walikuwa wamefundisha jeshi lake. Mapema 1972 alikwenda Libya, akarudi ameibadilisha kauli, na kufika Machi alikuwa anawafukuza Waisraeli nchini. Agosti akawafukuza Wahindi. Septemba akampelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuua Wayahudi. Sisi watoto hatukujua Hitler ni nani. Tulichojua ni kwamba neno ambalo majirani walilitaja kila siku bila kuinua kope, Abayudaya, sasa lilisemwa redioni kwa namna ya kutaja adui.

Ibada yao ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa, mengine yakabomolewa, vitabu vikitakiwa visalimishwe. Chifu wa gombolola, yaani kata yetu, akawa na amri ya kukamata wanaokusanyika. Rabi Gershom Sizomu, anayewaongoza leo, amewahi kusimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kujenga kibanda cha sikukuu ya Sukoti, na familia ikamkomboa kwa mbuzi watano. Wengi waliona hakuna njia ila kuingia kanisani au msikitini. Husemwa kwamba walikuwa kama 3,000 na Amin alipoanguka walibaki kama 300. Waliotoka hawakuwa watu wepesi wa imani. Walikuwa na watoto.

Nyumbani kwa mwenzangu mambo yaligawanyika hivi. Baba yake alikwenda msikitini Nakaloke, akatoa shahada, akapewa jina la Kiislamu yeye na watoto wake. Alifanya hivyo kuokoa nyumba, na kila mtu aliyemtazama usoni alijua. Kaka yake mkubwa naye alikwenda, lakini yeye aliingia kwa moyo wake wote, akaipenda Qurani, na hakurudi nyuma tena maishani. Mama yao hakwenda. Alikaa nyumbani kama mwanamke asiyejua mambo, na kwa kuwa wanaume wa serikali hawakumhesabu mwanamke wa shamba, hakuna aliyemuuliza.

Sisi tulikuwa upande uliopendelewa, na lazima niseme hivyo waziwazi, kwa sababu ndani ya hilo ndimo urafiki wetu ulimojaribiwa. Wahindi walipoondoka, amu yangu aligawiwa duka la mtu aliyefunga safari na sanduku moja. Akawa miongoni mwa wale walioitwa mafuta mingi, matajiri wapya wa enzi ya Amin. Sukari ilipoadimika, chumvi ilipoadimika, sabuni na mafuta ya taa yalipokuwa ya magendo, kwa bibi havikukosekana. Hata lugha yetu ilipanda cheo. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa, na majirani walikuwa wanakijua hasa kama lugha ya askari kwenye vizuizi. Mtu akikisema kwa ufasaha alisikilizwa, na aliyekibabaisha alishukiwa.

Bibi ndiye aliyeanza kumfundisha mwenzangu. Alimketisha kwenye mkeka, akamfundisha Fatiha neno kwa neno, namna ya kutia udhu, namna ya kujibu salamu. Alikuwa mwanamke wa dini aliyesali usiku. Alimfundisha kwa kumwogopea, na alimfundisha pia kwa kumtamania. Nilimsikia akimwombea kwa Mungu amwongoze kweli. Nilimpenda bibi kwa hilo na nikaumia kwa hilo, kwa sababu mwenzangu naye alisikia.

Huku akimfundisha Fatiha, bibi huyo huyo alipokea vitabu vyao. Mama yake alivileta usiku vimefungwa kangani: Biblia ya Kiganda, kitabu cha sala na vikaratasi vya nyimbo vilivyoandikwa kwa mkono. Bibi alikuwa na sanduku la chuma alimoweka sanda yake, kama wazee wengi wa kwetu walivyofanya: kitambaa cheupe, ubani, karafuu maiti, vyote tayari. Aliviweka vitabu chini, sanda juu. "Hakuna askari atakayepekua sanda ya mzee," alisema, na hakuna aliyepekua. Walikuja mara kadhaa, wakafungua sanduku, wakaona, wakafunga upesi.

Jambo lililokuwa gumu kulificha lilikuwa taa. Sabato yao huanza Ijumaa jua linapozama, na taa huwashwa kabla, kisha haiguswi. Haizimwi wala haiongezwi; inaachwa iwake mpaka mafuta yaishe yenyewe. Katika kijiji ambacho watu walilala gizani kwa kukosa mafuta, tadoba inayowaka hadi usiku wa manane ni kama kupiga mbiu. Mama yake aliziba madirisha kwa magunia na kuiweka chumba cha ndani. Mafuta yakatoka kwa bibi. Na ya bibi yalitoka kwa amu, dukani kwa yule Mhindi aliyefukuzwa. Nilikuwa na umri wa miaka 12 au 13 nilipoyaunganisha hayo kichwani, nikiwa nimebeba chupa ya mafuta gizani kupita chini ya mfenesi, na nikaona kwamba katika nchi ile hapakuwa na kitu kisafi hata kimoja ambacho ungeweza kumpa rafiki yako.

Entebbe ilipotokea, mambo yalizidi. Amin alikuwa amefedheheshwa mbele ya dunia, na wanajeshi wake walitaka mtu wa kulipa. Sisi tulikuwa na miaka 15. Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka sokoni Mbale, tumeuza karanga, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari aliniuliza mimi kwanza, nikamjibu kwa Kiswahili cha kwetu, akalainika. Akamgeukia mwenzangu, akamuuliza jina, naye akalitaja lile la msikitini. Labda alisita kidogo. Askari akamwambia asome Fatiha.

Aliisoma yote, kwa sauti tulivu, hata herufi moja haikukwama. Askari akacheka, akatupa ruhusa, akachukua nusu ya pesa zetu.

Tulitembea mpaka kizuizi kikapotea nyuma ya kona. Nilikuwa nataka kumwambia amefanya vizuri, nikafungua mdomo, naye akaniwahi. "Usinisifu." Tukatembea tena. Kisha akasema, "Maneno yenu ni mazuri. Bibi amenieleza maana yake na sina neno nayo. Lakini leo nimemwambia Mungu kitu kwa kuogopa bunduki, na yeye anajua, na mimi najua. Basi usinisifu."

Sikusema kitu. Nimewasimulia watu kisa hiki, wa dini yangu na wa nyingine, na wengi huishia kwenye kizuizi: wanafurahi kwamba Fatiha ilimwokoa. Ilimwokoa, nami namshukuru Mungu. Lakini mimi nilikuwepo kwenye ile kona baadaye, na ninajua alitoa nini. Mtu anaweza kuokolewa na kunyang'anywa kwa tendo lile lile, na rafiki anatakiwa ayaone yote mawili.

Mtihani mkubwa kuliko askari ulikuja mwaka uliofuata, na ulitoka nyumbani kwetu. Amu alikuwa na kijana wa kuoa. Akamwambia bibi kwamba binti wa jirani, yaani mwenzangu, ni mzuri, ana adabu, ameshasilimu, na akiingia kwetu hakuna atakayemgusa tena yeye wala wazee wake. Sidhani alisema kwa ubaya. Huo ulikuwa mwaka 1977. Februari Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa ameuawa, na kama askofu mkuu hakuwa na pa kujificha, binti wa mkulima angejificha wapi? Ukilitazama kwa hesabu ya usalama peke yake, amu alikuwa sahihi.

Kwa kuwa nilikuwa rafiki yake, nilitakiwa nikapeleke maneno kwanza, kabla ya wazee kwenda na posa. Nilimwambia bibi, "Nitayapeleka. Lakini nitawaambia pia kwamba wakikataa, hapa mlango wetu haufungwi." Bibi alikuwa anachambua mchele. Aliuchambua mpaka ukaisha. Akasema, "Nenda na yote mawili."

Mama yake alinipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho. Mwenzangu alikuwa nyuma ya pazia na nilijua yuko pale. Mama akanijibu kwa upole: "Mwambie bibi yako nimepokea heshima yake, na sitaisahau. Lakini mwanangu anaficha jina, anaficha siku yake ya kupumzika, vitabu vya baba yake viko chini ya sanda ya mtu. Nyumba ya mume si mahali pa kwenda kujificha."

Nikarudi na jibu. Amu alikasirika kweli. Alisema tumedharauliwa, na kwa siku hizo mtu mwenye hasira alikuwa hatari kuliko mwenye bunduki, kwa sababu neno moja kwa watu wa usalama lilitosha kumwingiza mtu kwenye buti ya gari asionekane tena. Nyumba yetu ilikaa kwa hofu. Baba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na aliyezoea kumpisha kaka yake kwa kila jambo, alifunga cherehani mchana akaenda dukani kwake. Tuliambiwa baadaye alichosema: "Ukiwataja wale, utakuwa umemtaja mama yako. Vitabu viko kwake." Amu hakutaja mtu. Aliacha kuleta mafuta kwa muda mrefu, basi.

Katika miezi ile taa iliendelea kuwaka Ijumaa. Sikuuliza mafuta yanatoka wapi. Kufikia wakati huo nilikuwa nimejifunza kutouliza, na hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko kubeba chupa. Nilipomkuta asubuhi ya Jumamosi amekaa kivulini hana kazi, sikusema "leo ni Sabato." Nilikaa tu naye na ukili wangu wa kusuka, na yeye hakusuka. Mtu akipita, mimi ndiye niliyeamkiwa kwa kazi ya mikono, na yeye alionekana msichana aliyekuja kupiga soga.

Vita vya Kagera, kati ya Uganda na Tanzania, vilianza Oktoba 1978. Tarehe 11 Aprili 1979 redio ilitangaza kwamba Kampala imeanguka na utawala wa Amin umekwisha. Jioni ile ile Pasaka yao ilikuwa inaanza, sikukuu ya kutoka utumwani Misri, na sijapata kukutana na Muyudaya wa umri wetu ambaye husimulia anguko la Amin bila kutaja jambo hilo. Lakini Mbale bado ilikuwa mikononi mwa askari wake, wenye njaa, wanaokimbia kuelekea kaskazini wakipora njiani. Kwa hiyo waliimba kwa kunong'ona usiku ule, kwa mara ya mwisho.

Wiki chache baadaye Watanzania waliingia. Bibi alitoka barabarani kusikia Kiswahili kikisemwa na askari wanaosema shikamoo kwa wazee, na alilia.

Kisha ikawa zamu yetu kuogopa. Watu walitutazama kama watu wa Amin. Wanubi, Waislamu waliohusishwa na jeshi la Amin, walikimbia. Duka la amu liliporwa mpaka milango, naye akavuka Lwakhakha usiku kuingia Kenya. Kuna asubuhi vijana walikuja uani kwa bibi wakiuliza "mali ya mafuta mingi" iko wapi. Mama yake mwenzangu alifika na jembe begani, kana kwamba anapitia tu, akaketi mlangoni na kuanza kuzungumza nao mmoja mmoja, akiwataja mama zao. Wakaondoka. Bibi akafungua sanduku, akatoa sanda, akamkabidhi vitabu vyake mchana kweupe.

Sisi tulihamia Bungoma, baadaye nikaolewa Mombasa. Barua zilipotea nyingi, lakini hazikukatika. Nilipata habari za vijana wa Nabugoye, wengi wao rika la wadogo zetu, waliopanda kilimani miaka ya 1980 kuirudisha ardhi ya sinagogi na kuwafundisha upya watu waliokuwa wamesahau nyimbo. Mwenzangu alikuwa amezihifadhi nyingi, kwa hiyo aliitwa kufundisha. Kaka yake alibaki Mwislamu, na kila sikukuu anakula kwao na wao wanakula kwake.

Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuja, na mamia ya Abayudaya, kama 400, wakapitishwa kwenye baraza la marabi na kuzamishwa majini ili Wayahudi wa nchi nyingine wawakubali. Niliposikia nilikasirika kwa niaba yake. Mtu aliyewasha taa ile miaka yote, leo anaulizwa na wageni kama ni Myahudi? Yeye hakukasirika. Alisema askari alimuuliza apate kumpiga, na hawa wamemuuliza wapate kumkaribisha, na safari hii alijibu jina lake la kweli.

Miaka miwili baadaye J. J. Keki, mmoja wa Abayudaya, alianzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu pamoja. Wageni huupenda sana, na mimi pia, kwa kuwa jamaa zangu wa Nakaloke wameuza kahawa yao humo. Ila najua nyuma ya ushirika ule kuna nyua nyingi ambamo wanawake walibadilishana vitu gizani, na hakuna aliyepiga picha.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia simu kumwomba idhini. Nikamsomea sehemu ya bibi na mafuta ya taa. Alinyamaza, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: tangu chupa ya kwanza, mama yake alilipa. Kila baada ya mavuno alimpelekea bibi maharage na karanga kwa kipimo walichopatana wenyewe, na amu alipoacha kuleta mafuta, alikuwa bibi aliyeyanunua kwa magendo kwa fedha ya maharage yale yale. Wanawake wale wawili hawakumwambia mtu. "Andika hivyo," alisema. "Watu wasome kwamba tulisaidiana na jirani, na kwamba mama yangu hakuwa na deni."

Nikamwambia nitaandika. Akaniuliza bei ya nazi Mombasa siku hizi, tukaendelea na mazungumzo mengine.